Ngamia Wawili wa Kaab bin Malik

Kila Ramadhani, baina ya Alasiri na futari, kisa cha Kaab bin Malik, sahaba wa Mtume, husomwa katika misikiti mingi ya mwambao wetu, na karibu kila mara husomwa kwa njia moja. Shekhe huanza na safari ya vita ya Tabuk, ambayo Kaab hakwenda, huruka mbio mbio hadi pale Kaab aliposema kweli mbele ya Mtume (s.a.w.), kisha hutua kwenye bishara ya msamaha. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Takbiri. Na wanaotaka kuwahi foleni ya vitumbua wameshavaa viatu.

Nami kwa miaka mingi nilikisikia hivyo hivyo, mpaka siku moja nikakisoma mwenyewe katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Bukhari, kwa urefu wake wote, nikakwama mwanzoni kabisa. Kaab anapoingia kwenye habari ya Tabuk yenyewe haanzi na kweli. Anaanza na ngamia. Anasema hajapata kuwa na nguvu wala nafasi ya mali kama alivyokuwa wakati ule alipobaki nyuma; kwamba kabla ya hapo hajamiliki ngamia wawili wa kupanda kwa pamoja, na safari ile alikuwa nao wawili. Hakuna aliyemuuliza habari za ngamia. Kama angetaka kuanza na jua, jua lilikuwepo.

Na lilikuwa jua kweli. Ni Rajabu ya mwaka wa 9 Hijria, sawa na mwaka 630 Miladia. Kutoka Madina hadi Tabuk ni karibu kilomita 700 za jangwa kuelekea kaskazini, upande wa Sham, na adui anayetajwa ni Mrumi, si kabila la jirani. Tende zilikuwa zimeiva na vivuli vya mashamba vilikuwa vitamu. Kwa kawaida Mtume alipotaka kutoka vitani hakuwa akitaja wazi anakoelekea. Safari hii aliwaambia watu waziwazi, wajiandae kwa umbali ule na joto lile. Qur'ani inauita wakati huo saa ya dhiki. Wanahistoria wengi wanalikadiria jeshi kuwa watu 30,000, na Kaab anasema hapakuwa na daftari lililoweza kuwaorodhesha wote, kwa hiyo mtu akitaka kujificha angedhani hatajulikana, maadamu haujashuka wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, juu yake.

Wala Kaab hakuwa mtu wa pembeni. Ni Ansari, yaani Muislamu mwenyeji wa Madina, wa ukoo wa Banu Salama, mshairi, mmoja wa watatu waliokuwa wakiitetea dini kwa ulimi pamoja na Hassan bin Thabit na Abdullah bin Rawaha. Alikuwepo usiku wa Akaba, watu wa Madina walipotoa ahadi ya kumpokea Mtume. Mwenyewe anasema hangekubali kupewa vita vya Badr badala ya usiku ule, ijapokuwa Badr inatajwa zaidi midomoni mwa watu. Mtu wa namna hii anabakije nyuma?

Kwa kesho. Asubuhi anatoka ili akajiandae pamoja na wenzake, anarudi hajafanya kitu. Moyoni anajiambia: jambo lenyewe naliweza, wakati wowote nikitaka. Siku zinakwenda hivyo, wenzake wanafunga mizigo, yeye hajafunga hata kamba. Jeshi linaondoka. Anasema nitajiandaa kesho au keshokutwa, kisha niwafuate. Anatoka, anarudi, hajafanya kitu. Anatoka tena, anarudi tena. Wenzake wameshakwenda mbali. Akawaza aondoke hivyo hivyo awafuate njiani, na hapo mzee anayesimulia anakatiza maneno yake mwenyewe: laiti ningefanya.

Nimeyarudia maelezo hayo mara nyingi kutafuta mahali ambapo Kaab aliamua kubaki. Hapapo. Hakuna asubuhi hata moja aliyosema siendi. Mnafiki huwa anaamua. Anakaa na wenzake, anapima, anasema joto hili halifai, na Qur'ani inamjibu kwamba moto wa Jahannamu ni mkali zaidi. Kaab hakuamua lolote. Alikuwa na nia nzuri kila siku, na nia ile nzuri ndiyo iliyomlaza, kwa sababu mwenye nia nzuri hajioni mkosaji mpaka vumbi la msafara limetulia.

Kingine kilichomlaza ni ule uwezo. Sura ya Tawba, katika aya ya 92, inawataja watu wengine kabisa: waliokwenda kwa Mtume wakimuomba cha kupanda, akawaambia hana cha kuwapandisha, wakageuka kurudi makwao huku macho yao yakibubujika machozi kwa huzuni ya kukosa cha kutoa. Hao hawakuwa na cha kuahirisha. Hebu fikiri, katika wiki zile zile na mji ule ule, watu wazima wanalia njiani kwa kukosa ngamia mmoja, na nyuma ya nyumba ya Kaab wawili wanacheua.

Yupo pia Abu Khaithama. Naye alibaki, jeshi likaenda siku kadhaa. Vitabu vya sira, yaani maisha ya Mtume, vinasimulia kwamba alirudi kwake siku ya joto kali, akawakuta wake zake wawili shambani, kila mmoja amenyunyizia maji kibanda chake, amempozea maji ya kunywa na kumpikia chakula. Akasimama mlangoni. Akasema, Mtume wa Mwenyezi Mungu yuko juani na kwenye upepo, nami niko kwenye kivuli na maji ya baridi na chakula kilichoandaliwa? Huu si uadilifu. Akaapa haingii kibanda chochote, akadai masurufu yake ya njia, akapanda. Kule mbele watu wakaona umbo jeupe likicheza kwenye mazigazi, na Mtume akasema: uwe Abu Khaithama. Akawa ndiye. Sioni kwamba imani ya huyu ilikuwa kubwa kuliko ya Kaab. Alichokuwa nacho zaidi ni kwamba alipofika mlangoni hakuingia.

Basi Mtume akarudi. Ilikuwa desturi yake akitoka safari aanze na msikiti, aswali rakaa mbili, kisha akae na watu. Akakaa. Wakaja waliobaki nyuma, themanini na kitu, wakitoa nyudhuru na kuapa. Akazipokea kauli zao kama zilivyo kwa nje, akapokea ahadi zao, akawaombea msamaha, na ya ndani ya nyoyo akamwachia Mwenyezi Mungu.

Nyudhuru nyingine zilikuwa zimetolewa mapema. Wafasiri wanamtaja Jadd bin Qais, naye ni Banu Salama kama Kaab, aliyeomba ruhusa ya kubaki kwa hoja kwamba yeye akiwaona wanawake wa Kirumi hatajiweza, hivyo asitiwe katika fitna. Ni aya ya 49 ya sura hiyo hiyo ya Tawba. Udhuru wa kuogopa dhambi! Uongo uliovishwa kanzu na kofia, na nakiri kwamba katika kamati zetu nimeusikia zaidi ya mara moja, mtu akikwepa kazi ya watu kwa kusema anaogopa riya, kujionyesha.

Ikafika zamu ya Kaab. Usidhani alikuja na kweli yake mfukoni tangu mwanzo. Anasema siku alizosikia msafara unarudi alianza kutunga uongo, akawauliza wenye busara wote wa jamaa zake aseme nini. Ni pale alipoambiwa Mtume ameshakaribia mji ndipo wazo la kusema uongo lilipomwondoka. Akaingia, akasalimu. Mtume akatabasamu tabasamu la mtu aliyekasirika, akamwambia: njoo. Akaenda akaketi mbele yake. "Kilichokuweka nyuma ni nini? Si ulikuwa umeshanunua mnyama wako wa kupanda?"

Tazama swali lilivyo. Linakwenda moja kwa moja kwenye ngamia.

Kaab akajibu kwamba lau angekuwa ameketi mbele ya mtu mwingine yeyote wa dunia hii angejua namna ya kutoka kwenye hasira zake, kwani amepewa ufasaha wa kujitetea. Lakini anajua akisema uongo leo wa kumridhisha, Mwenyezi Mungu hatachelewa kumkasirisha Mtume juu yake. Wallahi sikuwa na udhuru wowote. Mtume akasema: huyu amesema kweli, inuka, mpaka Mwenyezi Mungu akuhukumu.

Hapa ndipo darsa zetu zinapokwenda mbio, na hapa ndipo panapotaka mtu akae. Themanini na kitu wameapa uongo, wameombewa maghufira, wamerudi makwao. Waliosema kweli, Kaab na wenzake wawili, Murara bin Rabia na Hilal bin Umayya, wameamriwa wasisemeshwe na mtu yeyote mjini. Tuna methali kwamba njia ya mwongo ni fupi. Siku ile ilikuwa fupi kweli kweli: kutoka msikitini mpaka kwenye sinia la chakula.

Jamaa zake Kaab waliiona hesabu hiyo mara moja. Wakamfuata njiani wakimlaumu: hatujakujua umefanya dhambi kabla ya hii, umeshindwaje kutoa udhuru kama wenzako? Istighfari ya Mtume ingekutosha! Wakamshikilia hivyo mpaka akakaribia kurudi akajikanushe mwenyewe. Kila mtu anawajua jamaa wa aina hii. Wanakupenda, na kwa mapenzi hayo hayo wanakusukuma shimoni. Kilichomzuia ni kuuliza kama kuna mwingine aliyesema kama alivyosema yeye. Wakamtajia hao wawili, watu wema, na Kaab akaona ana wa kuwafuata. Hata ukweli, kumbe, unahitaji kampani.

Sasa kwa nini wakweli ndio wasuswe? Mtu akisema kweli ilikuwa mtihani tu, na mwisho ulikuwa mwema, hajajibu swali la wale themanini. Mimi jibu naliona katika lugha ya Sura ya Tawba yenyewe. Aya ya 43 inaanza na msamaha kwa Mtume mwenyewe: Mwenyezi Mungu amekusamehe, kwa nini uliwapa ruhusa kabla hawajakubainikia waliosema kweli na ukawajua waongo? Kisha aya ya 95 inasema watakuapieni mtakaporudi kwao ili mwachane nao. Basi achaneni nao, hakika wao ni uchafu. Neno la Kiarabu ni lile lile mara mbili. Walitaka waachwe, wakaachwa. Walipewa walichokitaka, na ndiyo ilikuwa hukumu yao. Kaab baadaye alisema kwamba Mwenyezi Mungu hajamsema mtu kwa maneno mabaya kuliko aliyowasema wale.

Na wale watatu? Aya ya 118 inawaita waliowekwa nyuma, na wengi tunafahamu hapo kubaki nyuma ya vita. Kaab anakataa kabisa ufahamu huo. Anasema si kule kuikosa safari kulikotajwa. Ni kule Mtume kutupitisha nyuma ya walioapa, kuicheleweshea kesi yetu hukumu. Faili za wale themanini zilifungwa asubuhi ile ile. Faili hizi tatu zilibaki mezani, wazi.

Tofauti hii niliwahi kuionja kwa udogo wake. Miaka kadhaa nyuma alifariki mzee aliyenisomesha juzuu yangu ya kwanza. Maziko yalikuwa Pangani baada ya Adhuhuri. Mimi niko Tanga mjini, pikipiki ina mafuta tangu jana yake, na kazi ya siku hiyo haikuwa ya kufa na kupona. Nikasema nitatoka saa tatu. Saa tatu nikasema nimalize hesabu hii moja. Saa sita kasoro nikampigia mtoto wa marehemu nikamwambia nimepata pancha Kigombe. Wala hakuniuliza zaidi. Akasema, "Pole sana kaka, usijali, Mungu akufikishe salama," na nikasikia nyuma yake watu wakiitana kushika jeneza. Nilikuwa kwenye kiti, feni inazunguka, nimeombewa dua ya msafiri.

Ile dua ilinikaa vibaya kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa. Lau angenigombeza, ningekuwa na mtu wa kwenda kumuomba radhi. Sikuwa naye. Kwake yeye kosa halikuwepo, lilikuwa pancha.

Tuendelee na Kaab, maana zile siku 50 za kususwa ndizo zenye elimu. Ardhi, anasema, ikanibadilikia, ikawa si ile ninayoijua. Wenzake wawili walijifungia majumbani wakilia. Yeye alikuwa kijana zaidi yao na mwenye nguvu, akawa anatoka, anaswali jamaa, anazunguka sokoni, na hakuna anayemsemesha. Anakwenda kumsalimu Mtume akiwa amekaa baada ya swala, kisha anajiuliza: je, midomo yake imetikisika kunijibu au la? Anaswali karibu naye na kumwibia jicho. Nikiikabili swala yangu, anasema, ananitazama. Nikimgeukia, anageuza uso.

Hilo la macho, mimi huona hukumu yote imo ndani yake. Aliyetoa amri ya kususa ndiye anayemchungulia aliyesuswa asipotazama.

Ilipomrefukia akapanda ukuta wa shamba la Abu Qatada, mtoto wa ami yake na mtu aliyempenda kuliko watu wote. Akamsalimu. Wallahi hakunijibu salamu. Akamuuliza kwa jina la Mwenyezi Mungu: unajua kwamba nampenda Allah na Mtume wake? Kimya. Akarudia. Kimya. Akarudia tena, na Abu Qatada akasema: Allah na Mtume wake ndio wajuao. Machozi yakamtoka Kaab, akageuka akaupanda ukuta tena. Abu Qatada hakumshuhudia mema wala hakumshuhudia mabaya. Rudi nyuma kule Tabuk, kikaoni, mtu mmoja wa Banu Salama alipomsema Kaab kwamba amezuiwa na nguo zake mbili na kujitazama ubavuni, Muadh bin Jabal akamkata palepale: ubaya ulioje wa ulilosema! Hatujui juu yake ila kheri. Katika habari hii yote aliyemsengenya Kaab hajatajwa jina. Aliyemtetea nyuma ya mgongo wake ametajwa.

Sasa wapo wanaokishika kisa hiki kama leseni ya kususiana. Kaka na dada hawasemeshani mwaka wa sita kwa sababu ya minazi ya urithi, na ukiwauliza wanakwambia Mtume naye alimsusa Kaab. Mtu anatolewa kwenye kundi la WhatsApp la msikiti usiku wa manane, hajui kosa lake, asubuhi anaona watu wanamkwepa kwenye safu. Hawa wamechukua ukali wakaacha mipaka yake. Iko hadithi ya Abu Ayyub, Bukhari na Muslim wote wameipokea: si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageukia huku na huyu anageukia kule, na aliye bora wao ni anayeanza salamu. Hiyo ndiyo kanuni ya kila siku. Siku 50 za Kaab zilitoka kwa Mtume anayengoja wahyi, na kwenye vikao vyetu vya kamati wahyi haushuki.

Hata zenyewe zilikuwa na adabu yake. Kosa lilijulikana na wote, aliyelitenda akiwa wa kwanza. Hakuna aliyewatukana. Hakuna aliyegusa mali zao. Msikiti haukufungwa, Kaab aliswali safu moja na watu wasiomjibu salamu. Zilipotimia siku 40 ukaja ujumbe kwamba wajitenge na wake zao, na Kaab akauliza mara moja: nimwache au nifanyeje? Akajibiwa, usimwache, usimkaribie tu. Akamwambia mkewe aende kwao akae huko. Mke wa Hilal bin Umayya hakungoja aulizwe. Akaenda mwenyewe kwa Mtume, akasema mume wangu ni mzee asiyejiweza na hana mtumishi, je, unachukia nikimhudumia? Akaambiwa la, ila asikukaribie. Akasema, wallahi hana hamu ya lolote, analia tangu siku ile mpaka leo. Jamaa wa Kaab wakamtaka naye akaombe ruhusa kama hiyo. Akakataa: mimi ni kijana, nitajibiwa nini? Ona mtu huyu, ameshajifunza hata kutoazima udhuru wa mzee.

Katikati ya siku hizo likatokea jambo ambalo wanasiasa wangelielewa vizuri kuliko sisi. Mnabati mmoja kutoka Sham, aliyekuja kuuza chakula Madina, akawa anauliza sokoni nani atanionyesha Kaab bin Malik. Watu wakamwonyesha kwa ishara. Hata hapo hawakufungua kinywa. Akampa barua ya mfalme wa Ghassan: tumesikia mwenzako amekutenda jeuri, na Mungu hakukujaalia kukaa nyumba ya unyonge, njoo kwetu tukuliwaze. Barua imeandikwa kwa ustadi. Haimtaki akane dini wala haimtukani Mtume. Inamwambia tu yale ambayo mtu aliyeonewa hujiambia mwenyewe usiku. Mfalme mzima wa mpakani mwa Rumi anajua habari za mtu mmoja aliyenyimwa salamu Madina, na anaona ana bei.

Kaab akasema, hili nalo ni katika balaa, akaitia barua tanurini.

Hapo mtu asidhani ameonyesha ushujaa kwa kuwa alikuwa na hakika ya msamaha. Hakuwa nayo. Anasema kilichomtia hofu kuliko vyote ni kufa katika hali ile Mtume asimswalie, au Mtume kufariki naye akabaki hivyo hivyo, hasemeshwi wala haswaliwi. Aliichoma barua akiwa hana cha kushika upande wa pili. Mwongo asingeletewa barua ile kabisa. Angekuwa amekaa na wenzake sokoni, anazungumza.

Alfajiri ya siku ya 50 alikuwa ameswali juu ya paa la moja ya nyumba zake, ardhi imembana pamoja na upana wake, kama aya ilivyokuja kumsema. Akasikia sauti kutoka mlima wa Sal': ewe Kaab bin Malik, pata bishara! Akaanguka kusujudu. Mtume alikuwa ametangaza msamaha baada ya swala ya alfajiri, na watu wakakimbilia huku na huku kuwabashiria wale watatu. Mmoja alipanda farasi. Mwingine akapanda mlima akapiga ukelele, na sauti ikafika kabla ya farasi. Mwenye sauti alipowasili, Kaab alivua nguo zake mbili akamvisha. Hakumiliki nyingine siku ile. Ilibidi aazime nyingine ndiyo akaweze kwenda msikitini, na njiani makundi kwa makundi yanampokea kwa pongezi, wale wale ambao jana yake walikuwa wakimpita.

Alipoingia, Talha bin Ubaidillah akainuka, akamwendea mbio, akampa mkono. Katika Muhajirina, waliohama kutoka Makka, hakuna mwingine aliyeinuka. Kaab anasema hajapata kumsahaulia Talha jambo lile. Uso wa Mtume ulikuwa unang'ara kama kipande cha mwezi, akamwambia: furahia siku bora kuliko zote zilizokupitia tangu mama yako akuzae. Kaab akataka kuitoa mali yake yote sadaka. Akaambiwa zuia sehemu ya mali yako, ndiyo kheri kwako, akabakisha fungu lake la Khaibar.

Baada ya msamaha sura inatoa amri fupi, aya ya 119, kwa walioamini wote: mcheni Mwenyezi Mungu, na kuweni pamoja na wakweli. Pamoja nao. Nafikiri hapa juu ya Hilal na Murara ndani ya nyumba zao, na Kaab anayewaza kurudi akajikanushe.

Habari yote hii imetufikia kwa njia ya mwanawe Abdullah. Kaab aliishi miaka mingi baada ya Tabuk, mwisho akapofuka, na Abdullah ndiye aliyekuwa akimwongoza katika watoto wake. Kwa hivyo tunachokisoma ni maneno ya mzee asiyeona, kiongozi wake yuko ubavuni, aliyesamehewa kwa aya inayosomwa mpaka leo. Aliokuwa nao Madina siku zile wengi walikuwa wameshakufa. Habari ya mifugo aliyokuwa nayo kiangazi kile hakuna aliyebaki wa kuijua wala wa kuiuliza. Akaanza kusimulia, na ngamia walikuwa wawili.